Logi ya nani, saa ya nani

Msimu wa korosho uliopita nusura niozeshe magunia kumi na moja ya baba mdogo kwa herufi tatu tu: l, o, g.

Baba mdogo analima kwenye kijiji kimoja barabara ya Tandahimba, ukishapita Nanguruwe. Mimi nafundisha hisabati Mtwara mjini. Msimu ukifunguka, Ijumaa jioni napanda basi kwenda kusaidia, na kazi yangu ni daftari: zimeokotwa lini, zimeanikwa muda gani, zimefika kwenye chama cha msingi na uzito gani. Mwaka ule nilikuwa nimeazima kipima unyevu kwa rafiki yangu, nikapata hamu ya kujua kwa namba jambo ambalo wazee wanalijua kwa mkono: korosho iliyotoka kuokotwa inahitaji saa ngapi za jua ndipo iwe salama kuingia ghalani. Ikiingia na unyevu inafuka joto ndani ya gunia, ukungu unashika, kiini kinabadilika rangi, na uzembe wa nyumba moja unaweza kushusha daraja la shehena waliyochangia watu wengi.

Nikapima, nikaandika. Kitu kinachokauka juani kwa kawaida hupoteza kila saa sehemu ileile ya unyevu uliobaki, na kwa vipimo vyangu sehemu hiyo ilikuwa karibu 0.04 kwa kila saa ya jua. Namba hiyo niliipata kwa programu ya R, ambayo nimeishi nayo tangu chuo. Swali likabaki dogo: kutoka unyevu wa asilimia 16 hadi asilimia 8, ni saa ngapi? Jibu ni mstari mmoja, log(16/8)/0.04.

Mstari ule nikamtumia mdogo wangu kwa simu, auweke kwenye jedwali la LibreOffice analotumia kwa hesabu za shamba. Akaubandika kama ulivyo. Akapata 7.5, yaani siku moja ya jua kali. Wakaanika siku moja, wakajaza magunia, wakashona midomo.

R yangu ilikuwa imesema 17.3.

Nilifika Jumamosi nikakuta magunia yamepangwa barazani. Bibi alikuwa ameshaingiza vidole kwenye mshono wa gunia la juu, akatoa korosho moja, akaibana kwa ukucha.

“Mjukuu wangu, hizi nani kasema zimekauka?”

“Kompyuta, bibi,” mdogo wangu akajibu kabla yangu.

Tulifungua magunia yote tukamwaga tena kwenye maturubai. Hakuna kilichoharibika, jua la Novemba lilikuwa upande wetu. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimetafuta mwenye kosa na sikumpata. Katika R, neno log ni logi asilia, ile yenye kitako cha e, namba ya karibu 2.718. Kwenye jedwali, LOG isiyotajiwa kitako ni ya 10. Ndiyo ileile mdogo wangu aliyofundishwa sekondari na vitabu vya majedwali ya tarakimu nne, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushtuka. R haikukosea. LibreOffice haikukosea. Mimi niliandika sawa, yeye alibandika sawa. Kosa lilizaliwa njiani, kati ya mashine na mashine, mahali pasipokuwa na mtu.

Tena ni kosa la aina mbaya, aina inayonyamaza. Logi mbili hizo hutofautiana kwa kuzidishwa na namba moja isiyobadilika, 2.3026. Ukichora grafu, mkunjo ni uleule. Ukiongeza unyevu wa mwanzo, saa zinaongezeka kwa utaratibu uleule. Kila jaribio ambalo ungelifanya kwa macho lingepita, hadi ukucha wa bibi.

Nikaanza kuuliza: hivi watu wanaofanya hesabu nzito kuliko hizi zetu, wanaohamisha fomula kutoka mashine hadi mashine kila siku, wao wanafanyaje? Nimetumia miezi kadhaa kusoma juu ya jambo hili, usiku, baada ya kusahihisha madaftari, na nimelipenda kiasi kwamba nataka kulieleza kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiswahili sikulikuta.

Programu za hisabati ni nyingi, na kila moja ina mahali pake. GAP, iliyoanzia Aachen, Ujerumani, mwaka 1986, inajua makundi, ile aljebra ya ulinganifu. PARI/GP ya Bordeaux inajua nadharia ya namba. Singular ya Kaiserslautern ni fundi wa polinomia. Maxima inafanya kalkulasi kwa alama. R ni ya takwimu. Tatizo halisi halichagui programu: linaanza kwa namba, linaingia kwenye polinomia, linarudi kwa takwimu. Hapo ndipo unataka jibu la huyu liwe swali la yule.

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kuandika mkalimani kwa kila jozi. Hebu fikiria soko la Mtwara mjini bila Kiswahili. Chukua lugha sita tu za ukanda huu: Kimakonde, Kimakua, Kiyao, Kimwera, Kingindo, Kimatumbi. Kila lugha ikitaka mkalimani wake wa kwenda kwa kila lugha nyingine, ni wakalimani 30. Ikiwepo lugha moja katikati, kila mmoja anahitaji wa kuingia na wa kutoka tu, ni 12. Kwa programu 10 ni 90 dhidi ya 20, na pengo linazidi kadiri zinavyoongezeka. Ndiyo maana mwaka 1993 watafiti, wengi wao wa Ulaya, walianza kukutana kutafuta lugha ya kati ya programu za hisabati. Waliiita OpenMath. Toleo la kwanza la kiwango chake lilitoka Februari 2000, la pili Juni 2004.

Lakini lugha ya kati haitoshi kuwepo. Sisi Waswahili tunalijua hilo kwa historia yetu. Kiswahili kilikuwa kikisemwa pwani yote hii, Kilwa hadi Lamu, karne nyingi, na bado mwaka 1928 watu walikaa Mombasa kuamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa usanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo, ya kamusi na tahajia. Kusema tunaelewana ni jambo moja. Kuandika neno hili maana yake ni hii, mahali ambapo kila mtu anaweza kwenda kusoma, ni jambo jingine kabisa, na ndilo gumu.

Hapo ndipo OpenMath ilinishika. Walioitunga walitenganisha vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa navichanganya siku zote. Kuna kitu chenyewe cha hisabati, na kuna namna ya kukifunga kwa safari. Kitu chenyewe ni mti. Kwenye majani kuna vya msingi: namba kamili, namba za desimali za kompyuta, vigeu, maneno, mfuatano wa baiti, na alama. Matawi yanaonyesha nini kimetendwa juu ya nini. Kufunga kwa safari ni suala la pili: kiwango kinatoa namna ya XML, yaani maandishi yenye lebo, ambayo binadamu anaweza kuisoma akivumilia, na namna ya biti tupu, ambayo ni fupi na ni ya mashine kwa mashine. Kanga ileile ukiikunja kwa namna mbili inabaki kanga ileile, na jina lake halibadiliki.

Faida ya mti naipata darasani kila mwaka. Mwandikie mwanafunzi -3^2. Kwenye Excel jibu ni 9. Kwenye R ni -9, na kwenye lugha ya Python pia, ambako kipeo kinaandikwa **. Maandishi hayasemi ishara ya kutoa ishike kwanza au kipeo kishike kwanza, kila programu ina desturi ya nyumbani kwake. Kwenye mti swali hilo halipo. Ama kukanusha kuko juu na kipeo kiko chini yake, ama kinyume, na mtumaji analazimika kuchagua kabla ya kutuma. Nimeanza kuwachorea wanafunzi wa kidato cha pili miti badala ya kuwaimbisha kanuni za mabano, na wale waliokuwa wananyamaza darasani wameanza kubishana. Nafurahi kila wanapobishana.

Sasa alama. Katika OpenMath huwezi kuandika log peke yake. Kila alama inakuja na jina la kamusi ilimotoka. Kamusi hizo ni mafaili madogo, kila moja ya eneo lake: arith1 ina kujumlisha na kuzidisha, setname1 ina majina ya seti, transc1 ina logi, sini, kosini na jamaa zao. Kwenye setname1 mathalani imeandikwa wazi kwamba N ni namba za kuhesabia pamoja na sifuri. Huo ni ubishi ambao nimewahi kuona walimu wawili wa hisabati wakiachana nao bila kupeana mkono, na pale umemalizwa kwa sentensi moja. Hawasemi kwamba wengine wote wamekosea. Wanasema: ukitumia alama hii kutoka kamusi hii, umesema hivi.

Nilipofungua transc1 nilikwenda moja kwa moja kwenye kidonda changu. Kuna alama mbili. Moja ni ln, inayochukua kitu kimoja. Nyingine ni log, inayochukua vitu viwili: cha kwanza kitako, cha pili namba yenyewe. Logi isiyo na kitako haiwezi kuandikwa. Ningekuwa nimemtumia mdogo wangu mti badala ya mstari, mashine yake isingepata nafasi ya kukisia. Nilikaa nikiitazama sentensi ile. Kuna mtu, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, aliketi akafikiria kosa ambalo ningekuja kulifanya chini ya mkorosho, akaziba tundu.

Inaendelea mbali kuliko hapo. Logi ya namba changamani, zile zinazokubali mzizi wa hasi moja, ina majibu mengi yasiyo na mwisho, na kila programu lazima ichague moja; zikichagua tofauti, hesabu inakatika bila onyo. Kamusi ileile inataja mipaka ya chaguo: sehemu ya kufikirika ya ln izidi hasi pai na isipite pai. Mambo kama haya hayapendezi kuyaandika. Hakuna atakayekupigia makofi kwa kuyaandika. Mimi nawaheshimu sana walioyaandika.

Namba zenyewe pia zina visa vyake, na hapa natoka kwenye hisabati kidogo. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na orodha za wakulima siku hizi zinaihitaji. Ibandike kwenye jedwali bila kutanguliza kuwa ni maandishi: programu itaichukua kuwa kiasi, itabakisha tarakimu 15 hivi na za nyuma itazigeuza sifuri. Watu wawili ambao namba zao zinatofautiana mwishoni tu wamekuwa mtu mmoja. Hilo nililikuta kwenye faili letu wenyewe, na nikalisahihisha mkono kwa mkono, jina kwa jina. Sababu iko kwenye namna kompyuta nyingi zinavyohifadhi namba, ambayo inaaminika hadi 2 kwa kipeo cha 53 tu. Baada ya hapo, 9007199254740993 inarudi kwako ikiwa 9007199254740992, na hakuna taa nyekundu inayowaka. Namna ya JSON, ambayo mitandao mingi inaitumia leo kupelekeana data, yenyewe haikuweka kikomo, lakini wasomaji wake wengi wanazitia namba zote kwenye chombo hichohicho, kwa hiyo kikomo kinakuja chenyewe. OpenMath iliamua tangu mwanzo kwamba namba kamili ni kamili, iwe na tarakimu mbili au elfu mbili, na theluthi moja ni theluthi moja, si 0.333 iliyokatwa mkia.

Upande wa pili wa Ruvuma tuna ndugu. Wamakonde hatukugawanywa na mto, tuligawanywa na waliochora ramani. Tangu daraja la Mtambaswala lifunguliwe mwaka 2010 kwenda na kurudi kumekuwa rahisi zaidi, na mtoto wa shangazi yangu anafanya kazi Msumbiji. Alituletea faili la mavuno ya ndugu wa kule, tani 1,250. Kompyuta ya mdogo wangu ikasoma tani elfu moja mia mbili na hamsini. Kule wameachiwa na Wareno mkato pale sisi tunapoweka nukta, kwa hiyo alikuwa anasema tani moja na robo. Kosa lile lilipiga kelele lenyewe, ukoo mzima hauna korosho hizo. Lingekuwa 1,2 dhidi ya 1.2 lisingepita kabisa kwenye faili la safu zilizotenganishwa kwa mkato, lingevunja safu nzima, na hapo pia ungelijua. Nimejifunza kuyapenda makosa yanayopiga kelele.

Turudi kwenye programu kuzungumza. Mradi mmoja wa Ulaya, uliofanyika kati ya 2006 na 2011, uliunganisha programu kama GAP na Maple kwa itifaki inayoitwa SCSCP. Programu moja inaiomba nyingine, kupitia mtandao, ifanye hesabu. Ombi na jibu vyote vimefungwa kwa OpenMath. Nataka kusimama hapa kwa sababu ya kipengele kimoja ambacho mtu wa Mtwara atakielewa haraka kuliko mtu wa London. Mara nyingine jibu ni kubwa mno. Ni kundi lenye vitu mamilioni, na kulisafirisha ni hasara, hasa kama unataka tu kuuliza swali jingine juu yake. Basi unaruhusiwa kuomba hivi: fanya hesabu, jibu kaa nalo kwako, nipe karatasi inayolitaja. Ombi linalofuata linataja karatasi ile, na mwenye seva anajua kitu gani kiko rafuni. Hii ni stakabadhi ghalani. Korosho zinalala ghalani, kinachotembea hadi mnadani ni stakabadhi, na mnunuzi anaiamini kwa sababu mwenye ghala amesaini. Nilipofika aya hiyo nilimpigia baba mdogo usiku ule ule, nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, “Mwalimu, na wao nao walianza na ugomvi?” Nikamwambia baba, sijaona mahali walipoandika ugomvi wao. Akasema basi wameficha, hakuna ghala linaloaminika bila ugomvi wa kwanza.

Na lazima niseme ukweli kuhusu mahali jambo hili lilipofika. OpenMath haikuenea kama waasisi wake walivyotumaini. Namna yake ya XML ni ndefu. Kujumlisha mbili na tatu kunachukua mistari kadhaa. Kamusi zake zinashika vizuri hisabati ya sekondari na mwanzo wa chuo, lakini mtafiti akifika ukingoni anakuta maneno hayapo, inabidi aandike kamusi yake, na kuandika kamusi ni kazi ya miezi. Ndugu yake, MathML, ambayo W3C, shirika la viwango vya mtandao, liliidhinisha kwa mara ya kwanza Aprili 1998, imefika mbali zaidi kwa sababu inaonyesha fomula kwenye kurasa, na macho yanashinda siku zote. MathML ina sehemu mbili, ya sura na ya maana, na toleo la tatu la mwaka 2010 liliifungamanisha sehemu ya maana na OpenMath. Sehemu hiyo watu wengi hawaigusi.

Wakati huohuo wengi wamechagua njia ya mkato. SageMath, iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, ilikusanya GAP, PARI, Maxima, Singular na R chini ya paa moja kwa lugha ya Python. Kwa muda mrefu ilizungumza na baadhi yao kwa namna ya kushangaza: inaifungua programu ile kwa siri, inajifanya mtu aliyekaa kwenye kibodi, inachapa mstari wa maandishi, inasubiri, inasoma kilichotokea kwenye skrini, inakitafsiri. Inafanya kazi. Nimeitumia, nimeshukuru. Lakini ni mdogo wangu akibandika mstari wangu, ila kwa kasi kubwa na kwa tafsiri iliyoandikwa kwa uangalifu na watu wanaojua pande zote mbili. Baadaye kwa GAP walihama, wakaiingiza kama maktaba moja kwa moja. Mimi naona wamefanya walichoweza kwa mikono waliyokuwa nayo. Ila kila tafsiri ya aina hiyo inakaa kichwani mwa aliyeiandika na kwenye msimbo wake. Akiondoka, anayemfuata anaanza kusoma upya. Kamusi iliyoandikwa inabaki mezani.

Naliamini hilo la kamusi sasa kuliko lolote, na sababu yake ya mwisho haikutoka Ulaya, ilitoka kwenye daftari la baba mdogo.

Yeye anaandika muda wa kuanika: saa 2 hadi saa 10. Mdogo wangu anaingiza 2 na 10 kwenye jedwali, jedwali linatoa 8. Sahihi, saa nane za jua. Wiki tatu ilikwenda hivyo, na mimi mwenyewe nilitazama safu ile nikairidhia. Kisha siku moja baba mdogo aliwahi, akaandika saa 12 hadi saa 10. Jedwali likatoa hasi 2. Ndipo tukaona kwamba siku zote mashine ilikuwa inadhani tunaanza kuanika saa nane usiku na kuanua saa nne asubuhi. Tofauti ya saa sita kati ya saa yetu na saa ya kompyuta inajifuta yenyewe ukitoa moja kwa nyingine, ila ukivuka saa 12. Nilirudi kwenye vipimo vyangu vya unyevu, ambavyo nilikuwa nimevilinganisha na joto la mchana kutoka kwenye simu. Simu inaandika 14. Daftari linaandika 8. Nilikuwa nimeoanisha unyevu wa saa nane mchana na joto la 8 ya simu, ambayo ni saa mbili asubuhi.

Saa ya Kiswahili si kosa, na sitaki mtu yeyote amwambie baba mdogo aandike 08:00. Siku inaanza jua linapochomoza, saa ya kwanza ni saa moja, na hapa karibu na ikweta jua halitupi sababu ya kuhesabu vingine. Daftari lake ni sahihi. Kilichokosekana ni jina la kamusi pembeni ya alama.

Kwa hiyo tumeandika ya kwetu. Ni kurasa nne, zimepigwa chapa na kuwekwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya jalada la daftari, na nakala yake iko kama ukurasa wa kwanza wa faili. Kila safu ya jedwali ina ingizo lake. Saa: saa ya Kiswahili, asubuhi au jioni iandikwe, kwa kompyuta ongeza 6, kwa saa za usiku, pamoja na saa 12 asubuhi, 18, na ukipita 23 toa 24. Desimali: nukta. Kitambulisho: maandishi, kisihesabiwe. Logi: usiandike bila kitako. Uzito: kilo, zilizosomwa kwenye mzani wa chama, si wa nyumbani. Ubora wa kiini: ratili za kiini kinachofaa kwa kila gunia la kilo 80, kama wanunuzi wanavyoutaja. Hili ingizo mdogo wangu aliliandika mara tatu, kwa sababu ni namba moja yenye vizio vya mifumo miwili ndani yake, na wakulima wanaisikia ikitajwa kila msimu kana kwamba ni alama za mtihani. Gunia peke yake, kama kipimo, tumelifuta. Tumegundua nyumbani kwetu tulikuwa na magunia ya aina tatu, na baadhi ya maingizo ya zamani yalikuwa ya kangomba, vipimo visivyo rasmi ambavyo havina kilo inayojulikana. Hayo tumeyaacha na alama kwamba hayatafsiriki.

Nimeiga pia kutoka OpenMath jambo moja dogo. Kila kamusi yao ina hadhi iliyoandikwa juu: imekubaliwa, ya majaribio, ya binafsi, au imepitwa. Ya kwetu imeandikwa “ya majaribio”. Karani wa chama aliiomba nakala, akairudisha na masahihisho mawili ya kalamu nyekundu, yote mawili ya haki.

Ingizo lililobaki wazi ni “kavu”. Mimi niliandika: unyevu usiozidi asilimia 8 kwa kipima unyevu. Lakini kipima unyevu si changu, nimekirudisha, na msimu ujao huenda nisikipate. Bibi anasema kavu ni pale ukucha haukwaruzi na ukitikisa viganja viwili vya korosho vinalia. Nikamuuliza vinalia vipi, ili niandike. Akaenda ndani akarudi na kikombe cha bati chenye korosho za mwaka jana na kingine chenye za jana, akanikalisha mkekani, akaanza kuvitikisa kimojakimoja karibu na sikio langu. Mdogo wangu alikuwa anarekodi kwa simu.